Janti nne za jeep ya harusi: uchambuzi wa kisa kimoja cha Goma

Kisa hiki cha kung'arisha janti, yaani rimu za magurudumu, ni cha Goma, na kilifanyika uani kwa mtu, si karakana. Majina, mtaa na alama zote za kulitambua gari nimeziondoa, na mwenye gari ameridhia kiandikwe hivyo. Mimi niliitwa kazi ikiwa imeshaanza kuharibika. Sehemu ya mwanzo nimeiandika kama nilivyosimuliwa na wahusika wawili, na walipotofautiana nimechukua kile ambacho janti zenyewe zilithibitisha.

Usuli

Gari ni jeep ya Kijapani yenye usukani kulia. Mwenyewe ni mama mfanyabiashara. Siku za kazi jeep humpeleka yeye na mizigo yake Sake, na mara nyingine hupanda hadi Masisi. Jumamosi hukodishwa kwa harusi, na harusi ndizo zilizoanzisha jambo hili. Wajomba wa bwana harusi mmoja walikuja kuitazama, wakaizunguka, wakainama kwenye gurudumu la mbele, kisha wakaenda kuchukua gari la mtu mwingine. Mmoja wao alimwambia wakati wa kuaga: “Mama, jeep yako imevaa suti na viatu vya shamba.”

Mdogo wake wa kiume ni seremala. Aliposikia maneno hayo alisema kazi ya msasa ndiyo kazi yake ya kila siku, hakuna haja ya kumlipa mtu. Hakuwa anajisifu bure. Anajua namba za msasa, ana drili, na mkono wake umetulia. Alichokosa ni habari za alumini, na alumini haina tabia za mbao.

Goma nayo ni mji mgumu kwa janti. Mitaa mingi imekaa juu ya lava iliyoganda, na ile ya Januari 2002, iliyopita katikati ya mji, bado inaonekana kwenye kuta na kingo za barabara zilizojengwa kwa mawe yake. Jiwe hilo likivunjika hutoa makali, na vumbi lake ni gumu kuliko alumini: ukipangusa janti yenye vumbi kwa kitambaa kikavu unaikwaruza hata ukipangusa taratibu. Upande wa magharibi, njia ya Sake, ndiko upepo unakopeleka mara nyingi moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Moshi huo una gesi za salfa, klorini na florini, na mvua inayoupitia hushuka ikiwa na asidi. Maji ya Ziwa Kivu, ambayo waosha magari wengi huyachota pale ufukweni, yana kasoro ya upande wa pili. pH yake (kipimo cha asidi na magadi) juu juu hukaribia 9 na yamejaa kabonati, kwa hiyo yakikauka juu ya janti huacha madoa meupe.

Alumini hujikinga yenyewe. Pale inapokutana na hewa hujitengenezea ngozi nyembamba mno ya oksidi, na ngozi hiyo ndiyo inayoizuia isiliwe kama chuma cha kawaida kinavyoliwa na kutu. Lakini hutulia tu kwenye maji yasiyo makali. Asidi ikizidi, huyeyuka. Magadi yakizidi, huyeyuka vilevile. Jeep hii ilikuwa inapita kote kuwili ndani ya wiki moja: mvua ya Sake, kisha kuoshwa ziwani.

Hali ya janti kabla ya kazi

Janti zilikuwa za inchi 17, za alumini ya kumimina, uso wake umechongwa kwa lathe kiwandani na kufunikwa kwa verni angavu. Verni ikiwa nzima, janti ya aina hii haihitaji kung'arishwa kabisa, kuosha kunatosha. Hapa haikuwa nzima.

Mbele kulia na nyuma kulia zilikuwa na makovu ukingoni. Kwetu gari hupita kulia, kwa hiyo upande huo ndio unaokutana na kingo za mawe, tena hata dereva wa usukani wa kulia, aliyekaa juu ya ukingo wenyewe, hasalimiki. Zote nne zilikuwa na nyuzi nyeupe zinazotambaa chini ya verni, zikianzia kwenye kila tundu lililopigwa na kokoto. Maji na chumvi huingia pale, hujipenyeza kati ya verni na chuma, na ulaji husonga mbele kwa mstari mwembamba ambao kitambaa hakiufikii.

Nyuma kulia ilikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelihusisha na urembo: ilikuwa inapoteza upepo polepole. Kwado, fundi wa matairi wa hapo mtaani, alishabadilisha valvu, kisha akawa anajaza tu kila inapokuja. Mama alilitaja hilo siku ya kwanza kama malalamiko ya kawaida, akaendelea na habari ya harusi.

Soda

Jirani hutengeneza sabuni ya vipande, na soda kostiki haikosekani kwake. Seremala alijua kwamba soda huondoa rangi ya zamani kwenye milango ya mbao; ameshaifanya mara nyingi. Kuvua verni ya janti, alifikiri, ni kazi ileile. Akachanganya ndoo ndogo, akavaa glavu za mpira (hilo alilifanya vizuri), akapaka kwa brashi kwenye janti ya mbele kulia, tairi likiwa bado limevaa na gurudumu likiwa kwenye gari.

Mwanzoni hakikutokea kitu. Verni ilikuwa inazuia. Kisha palipokwaruzwa pakaanza kutoa viputo vidogo, viputo vikawa povu, povu jeupe likageuka kijivu, na janti ikapata moto kiasi cha kuhisika kupitia glavu. Harufu ikawachoma pua. Mbabula (jiko la makaa) ya maharage ilikuwa hatua chache kutoka hapo, na kile kilichokuwa kinatoka kwenye povu ni haidrojeni, gesi inayowaka. Kilichowanusuru ni kwamba walikuwa nje na upepo ulikuwepo.

Alimwaga maji, bidoni moja baada ya nyingine, na hilo lilikuwa sahihi kabisa. Povu lilipoondoka, sehemu zote zilizokuwa wazi zilikuwa nyeusi. Si uchafu ule. Alumini ya janti za kumimina huchanganywa na silikoni, kwa kawaida asilimia 7 hivi. Soda hula alumini na kuiacha silikoni pale pale, ikibaki juu kama masizi yasiyotoka kwa sabuni. Aliposugua na hayakutoka, aliwaza kuyatoa kwa asidi ya betri. Hapo dada yake akamshika mkono na kunipigia simu.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa kutoongeza dawa yoyote juu ya dawa. Asidi ya betri isingeondoa silikoni, ingechoma mikono, na ingechanganyika na mabaki ya soda kwenye breki. Janti iliendelea kusuuzwa, mbele na nyuma, na breki pia. Weusi tuliamua utatoka kwa msasa, kwa sababu umekaa juu tu.

La pili lilileta ubishi: kuvua matairi yote manne. Seremala aliona ni gharama ya bure. Kumlipa kwado avue, avalishe tena, asawazishe magurudumu, wakati uso unaotakiwa kung'aa unaonekana wote tairi likiwa limevaa? Nilimjibu kwa swali la upepo wa nyuma kulia. Valvu ni mpya, tairi halina msumari. Basi upepo unatoka wapi? Mama ndiye aliyekata shauri: “Vueni. Kama nitalipa mara moja tu, nilipe sasa.”

Matairi yalipovuliwa, tulianza na mgongo wa janti badala ya uso. Kazi hii haina mtazamaji, na watu wengi huiruka. Mgongoni kulikuwa na tope la lava lililoshikamana na vumbi la breki. Lilitolewa kwa maji ya moto, sabuni ya vyombo na brashi ya nailoni, kisha madoa ya ziwani yakapakwa maji ya ndimu, yakaachwa kidogo, yakasuuzwa. Ndimu huyeyusha kabonati bila ukali wa dawa za waosha magari. Usiiache ikauke, basi.

Kisha tukafanya kipimo cha mafuta ya taa na chaki. Karakana za reli zilikitumia zamani kutafuta nyufa, kabla hazijaja rangi nyekundu za kupenyeza, na nyumbani kinatosha. Unapaka mafuta ya taa sehemu safi na kavu, unayaacha yapenye, unapangusa mpaka kitambaa kitoke kikavu, halafu unapuliza unga wa chaki ya shule juu yake. Palipo pazima unga hubaki mweupe. Penye ufa, mafuta yaliyojificha hupanda na kuchora mstari.

Janti tatu zilibaki nyeupe. Ya nyuma kulia, kwenye ukingo wa ndani, ule unaotazama chini ya gari, ilichora mstari wa kijivu wa urefu wa sentimita tatu hivi, ukivuka pale tairi linapokaa.

“Fundi, huo si mkwaruzo?” seremala aliuliza.

Nilimpa kitambaa afute mwenyewe na apulize chaki tena. Mstari ulirudi palepale. Mkwaruzo ungepanguswa ukaisha.

Mama alikuwa na jibu lake tayari: “Kuna mtu ana mashine ya argon, anachomea hata bloku ya motere. Si atashika kidogo tu?”

“Atashika, Mama, na upepo hautatoka tena. Ndiyo maana naogopa. Ukiona upepo hautoki utaiamini.”

Sababu ni hii. Janti za aina hiyo hupewa nguvu kwa joto kiwandani: hupashwa hadi karibu digrii 540, huzamishwa majini, kisha hupikwa tena polepole kwa saa kadhaa kati ya digrii 150 na 170 hivi. Mpangilio huo wa joto ndio unaoifanya janti ibebe jeep yenye watu na magunia kwenye mashimo ya njia ya Sake. Kichomeleo huyeyusha chuma pale pale na kulipika eneo la jirani kupita kiasi. Linabaki laini, na hakuna uani wa Goma wenye tanuru la kulirudishia. Kwa sababu hiyohiyo tulikataa ushauri wa jirani mwingine, wa kuweka janti juu ya makaa ili verni iungue yenyewe. Makaa hayana kipimo. Wamimina sufuria wa hapa huyeyusha alumini kwa makaa hayohayo.

Janti ya nyuma kulia iliondolewa kazini. Ilitafutwa nyingine ya okazioni, yaani iliyokwishatumika, ya toleo lilelile, na kabla ya kulipa tulilinganisha maandishi yaliyomiminwa mgongoni: kipenyo na upana, namba ya ET inayosema janti inaingia ndani kiasi gani, nafasi ya tundu za bolti, na upana wa tundu la katikati. Muuzaji alikubali tuipake mafuta ya taa na chaki mbele yake, ingawa alicheka. Iliyokuja ilikuwa na makovu ya uso lakini haikuwa na ufa.

Uamuzi wa mwisho ulihusu mng'ao wenyewe, na hapa Mama alitaka kioo pande zote. Tatizo ni kwamba mbele kulia ilishaliwa na soda, na vishimo vyake vilikuwa vya kina tofauti. Kuifikisha kwenye kioo kungetaka kuondoa chuma kingi kuliko nilivyoridhia. Tulikubaliana hivi: upande wa kushoto kioo, upande wa kulia mng'ao wa hariri, ule unaoishia msasa wa katikati na kufunikwa kwa verni. Seremala ndiye aliyelimaliza: “Nani anaona pande mbili za gari kwa mara moja?”

Kazi ya msasa

Verni ilivuliwa kwa dawa ya jeli ya kuvulia rangi kutoka Birere, mtaa wa biashara wa Goma. Ilifanyika uani, milango wazi, glavu na miwani. Dawa hizi, hasa za zamani zenye kloridi ya methilini, hazifai kabisa kwenye chumba kilichofungwa. Mvuke wake huua. Makovu ya ukingoni yalisawazishwa kwa tupa laini. Tulijiwekea mpaka wa milimita moja: kovu lenye kina zaidi ya hapo lingeachwa lionekane, lisifukuzwe. Hatukutumia gundi ya kujazia, kwa kuwa chini ya rangi hujificha lakini kwenye chuma kitupu hubaki doa la kijivu. Na kijana mmoja wa jirani alipoomba tulipandishe gari kwenye jeki, tuwashe injini na kushika msasa huku gurudumu linazunguka, alielekezwa kwenda kuchota maji.

Msasa ulikuwa wa maji, wenye matone ya sabuni, kuanzia namba 240 (namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi). Maji huzuia msasa usizibe na huzuia vumbi la alumini lisiruke. Vumbi hilo si la kuvuta, na likiwa kavu na jingi huweza kushika moto.

Hapa useremala ulisaidia, kisha ukaponza. Seremala alisawazisha uso kwa ustadi ambao mafundi wengi wa magari hawana, akitumia kipande cha ubao nyuma ya msasa ili vidole visichimbe mabonde. Lakini akaruka kutoka 240 hadi 800. Kwenye mlango wa mbao ungeweza kuruka, maana verni ingejaza mistari iliyobaki. Kwenye alumini inayotakiwa kuwa kioo hakuna cha kujaza. Kwa macho ilionekana safi, kwenye namba 1500 bado ilionekana safi, na mara tu dawa ya kung'arishia ilipopita, mistari ya 240 ikajitokeza yote, imeng'aa vizuri, ikitutazama. Ikabidi kurudi nyuma: 320, 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000. Kila namba ilipitishwa kwa kukata mwelekeo wa ile iliyotangulia, na hatukwenda mbele mpaka mistari ya upande wa kwanza imetoweka yote. Janti ya mbele kushoto ilifanywa mara mbili kwa sababu hiyo.

Kung'arisha kulikuwa kazi fupi. Diski ya pamba kwenye drili, dawa kidogo, mwendo wa wastani. Mashine ya kukatia chuma tuliikataa, inazunguka kasi mno na hupasha chuma moto. Dawa hugeuka nyeusi mara moja, na anayeanza hudhani anachafua. Weusi huo ni alumini inayotoka. Umeme ulipokatika, kazi iliendelea kwa mkono na kitambaa cha flaneli. Ilichukua muda, lakini kwenye kona za mikono ya janti mkono ulifanya vizuri kuliko drili.

Upande wa kulia uliishia namba 600, ukasafishwa kwa spiriti, ukapigwa verni ya kopo kwa tabaka nyembamba. Kushoto tulizigawa kwa makusudi: ya nyuma ilipigwa verni juu ya kioo, ya mbele ikaachwa wazi na kupakwa nta. Sehemu janti inapogusana na kitovu cha gurudumu, na viti vya nati, vilizibwa kwa mkanda wa karatasi visipate verni. Tabaka la verni chini ya nati hujikunja baada ya muda, na nati hulegea.

Matokeo

Jeep ilirudi kwenye harusi, na wajomba hawakulalamika tena. Upepo wa nyuma kulia uliacha kutoka.

Kisha ikaja mvua ya kuanzia Septemba, ambayo ndiyo iliyotoa hukumu. Nyuma kushoto, verni juu ya kioo, ilianza kubanduka ukingoni na kuzunguka tundu za nati kabla mvua haijaisha, na chini ya maganda yake nyuzi nyeupe zilikuwa zimeshaanza safari. Ikabidi ivuliwe yote. Mbele kushoto, iliyoachwa wazi, ilififia ndani ya wiki chache, hasa baada ya safari za Sake, lakini dawa kidogo na flaneli viliirudisha kabla ya kila harusi. Upande wa kulia, hariri yenye verni, ulikaa. Ulipata matundu machache ya kokoto, na yalizibwa kwa brashi ndogo kabla maji hayajaingia.

Janti ya okazioni pekee iligharimu kuliko vifaa vingine vyote vikijumlishwa. Mama alilitaja hilo zaidi ya mara moja.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko kingine ni kuvua matairi na kuanzia mgongoni. Dalili ilikuwepo tangu zamani: tairi zima, valvu mpya, upepo unatoka. Orodha ya sababu ni fupi baada ya hapo, ama ulaji pale tairi linapokaa, ama ufa. Kwado hakukosea kubadilisha valvu. Alikosea kuacha kutafuta baada ya valvu kushindwa. Na kama kazi ingefanyika kama ilivyopangwa mwanzo, tairi likiwa limevaa, jeep ingetoka uani na uso unaong'aa mbele ya ukingo uliopasuka. Ukaguzi wa chaki haukuchukua hata muda wa kuvua verni ya janti moja.

Kosa la soda si la uzembe. Ni maarifa sahihi ya mbao yaliyopelekwa kwenye chuma, na ndiyo maana ni la hatari: mwenye nalo anajiamini. Kipimo kidogo kingelizuia. Tone moja mgongoni mwa janti, mahali pasipoonekana, lingetoa viputo na kumwambia yote aliyohitaji kujua. Hata baadhi ya sabuni za unga zinazotumika kuoshea magari zina magadi. Hazitatoa povu la namna ile, lakini zikiachwa zikauke juu ya alumini iliyo wazi hufifisha.

Kuruka namba za msasa kulitupotezea muda tu. Sina mengi ya kusema hapo.

Suala la verni lina uzito zaidi, kwa kuwa hapa matakwa ya mwenye gari na tabia ya chuma viligongana, na kugawa janti kukatupa jibu. Verni inahitaji mahali pa kushika. Kioo hakina pa kushika; kadiri ulivyokifikisha mbali ndivyo verni ya kopo inavyokaa juu yake bila mizizi. Wenye karakana hutumia verni ya sehemu mbili yenye kigumu chake, inayoshika zaidi, lakini ina isosianati, kemikali za sumu ambazo barakoa ya kitambaa haizizuii, na uani penye watoto sikuruhusu. Kwa hiyo nyumbani chaguo ni mawili: kioo kisicho na verni ambacho utakirudia mara kwa mara, au hariri yenye verni ambayo utaisahau kwa muda mrefu. Kwa gari linalopita Sake kila wiki mimi ningechagua hariri pande zote. Mama alichagua kubaki na kioo upande wa kushoto, upande ambao maharusi hupigwa picha, na kumpa mdogo wake kazi ya flaneli kila Ijumaa. Ni uamuzi wake na una mantiki yake.

Kuosha ziwani tulikuacha, isipokuwa kwa sharti la kusuuza kwa maji ya mvua yaliyokingwa mtaani, mbali na moshi wa mlima, na kukausha pale pale. Kusuuza kwanza, kitambaa baadaye. Vumbi la lava halisamehi mpangilio wa kinyume.

Kulikuwa na pengo moja katika kufunga. Nati zilikazwa kwa spana ya msalaba na kwa nguvu ya mguu, kama ilivyo desturi, badala ya spana ya kupima mkazo. Kwenye magari madogo mengi ya aina hii kipimo cha kiwanda ni nyutoni mita 103 hivi, na mguu wa mtu mzima hupita hapo bila kujua. Tuliangalia pia kama nati ni za uso bapa au za koni, maana janti za kiwanda na za dukani hutofautiana, na nati isiyolingana hukaa kwa mpaka mwembamba tu. Zilikuwa sahihi. Zilikazwa upya baada ya kilomita 80 hivi, na mbili zilikuwa zimelegea kidogo upande wa kulia, ambako tope la zamani kwenye kitovu halikuwa limesafishwa vizuri kabla ya kufunga.

Ikabaki janti yenye ufa. Kwado aliiomba aiweke kama spea ya mteja mwingine, kwa sababu kwa mbele ilikuwa haina neno. Mama naye alikuwa na mteja wa vyuma. Tuliikata kwa msumeno wa chuma, kutoka ukingoni hadi tundu la katikati, kisha upande wa pili, ndipo ikaenda kwa wamimina sufuria. Mnunuzi alinung'unika kwamba vipande viwili vinamsumbua kubeba kwenye pikipiki, akalipa bei ileile ya kilo.